Mama Mkwe Aliyekuja Kushika Mtoto

Mafunzo yalipotangazwa kanisani, mimi ndiye niliyeinua mkono. Mama mkwe wangu alikuwa benchi la mbele na wenzake wa kwaya, wala hakugeuka kutazama nani ameinua. Shirika fulani lilikuwa limekuja Njombe kufundisha wanawake biashara ndogo ndogo, na ambao mipango yao ingekubaliwa wangepewa ruzuku. Mchungaji alirudia kwa sauti kwamba si mkopo. Ungepewa kifaa au mali ya kuanzia, na hakuna marejesho. Sisi wa kijiji cha Yakobi tulishazoea mikopo ya vikundi, ile inayokufanya uzunguke nyuma ya nyumba ukimwona mwenyekiti anakuja, kwa hiyo tulitoka ibadani tukiulizana kama tumesikia sawa.

Shida yangu ilikuwa mtoto. Alikuwa bado ananyonya, na mafunzo yalikuwa ya kutwa nzima, ukumbini Mjimwema, kule mjini, kwa wiki nzima. Nilimweleza mama mkwe jioni tukiwa tunamenya viazi.

"Nitakwenda na wewe," alisema. "Wewe ukasome, mimi nimshike huyu. Akilia nakuletea, akishiba namchukua."

"Mama, utakaa siku nzima bila kazi?"

"Nitakaa na sindano zangu. Na nimesikia chai ipo."

Inafaa niseme kidogo kuhusu sisi wawili. Mimi ni Mkinga, nimezaliwa Makete, nikaolewa Ubenani. Siku mume wangu aliponipeleka nyumbani kwao kunitambulisha, mama yake alinisalimia kamwene, salamu ya Kibena, akanitazama kuanzia juu hadi chini, kisha akamwambia mwanawe, "Mkinga. Vizuri. Sasa tutakuwa na duka." Kila mtu huku anaamini Wakinga huzaliwa na biashara tumboni. Miaka ikapita, duka halikuonekana. Nililima viazi kama wengine, nikauza kwa madalali kama wengine, na mama mkwe hakuwahi kunisimanga kwa hilo, ila mara mojamoja alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu mkwe wangu ni Mkinga wa aina ya peke yake.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kufuma. Alijifunza kwa akina mama wa misheni akiwa msichana, na tangu hapo sindano mbili na donge la uzi wa sufu havikumtoka mkononi. Alifuma kwenye vikao vya ukoo, kwenye foleni za zahanati, hata msibani, akisema mikono ikiwa na kazi macho hulia vizuri zaidi. Alichofuma aligawa. Hakuna mtoto wa ukoo ule aliyezaliwa akakosa soksi zake.

Basi tukaenda Mjimwema. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi, asubuhi ambayo ukungu unashuka mpaka unalipoteza paa la nyumba ya jirani. Sisi tulikuwa na makoti na mashuka mabegani. Mwezeshaji wetu alikuwa binti kutoka Morogoro, mchangamfu, amevaa koti jembamba kama ganda la kitunguu na viatu vya wazi. Alituambia tujitambulishe kila mmoja na biashara anayotaka kufanya.

Wa kwanza akasema kuku wa kienyeji. Wa pili, kuku wa mayai. Wa tatu akasema kuku wa nyama. Binti aliandika kwenye karatasi kubwa aliyoibandika ukutani, kuku, kuku, kuku, mpaka karatasi ikajaa akageuza nyingine. Mmoja alisema miche ya parachichi na tukampigia makofi. Ilipofika zamu yangu nilisimama nikasema, "Kuku." Niliwaza usiku mzima na ndicho kilichonijia, kwa sababu jirani yetu alikuwa nao na alionekana hana njaa.

"Jamani," binti alisema akitazama ukuta, "kuku hawa wote watauzwa kwa nani? Maana kila mwenye mdomo wa kula kuku yuko humu ndani na anafuga."

Tukacheka, lakini hakuna aliyebadilisha.

Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, mtoto mgongoni, anafuma. Hakuna aliyemhesabu kama mwanafunzi. Mtoto akilia aliniletea, nikitoka kumnyonyesha nilimkuta amesogea kiti kimoja mbele. Kufika mchana alikuwa safu ya katikati. Chai ilipoletwa alikuwa ameshawajua nusu ya wanawake na matatizo ya ndoa zao.

Siku ya pili somo lilikuwa bei. Binti alisema mfanyabiashara asiyejua kwa nini bei yake iko pale ilipo, ataishusha kila mteja akikunja uso. Alikuwa akitembea mbele yetu huku na huku, na ilionekana wazi kwamba hatembei kwa sababu ya somo. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimebadilika rangi. Mama mkwe akasimama, mtoto mgongoni, akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Mwanangu," alimwambia, "miguu yako inaumia na sisi tunakutazama. Vaa hizi."

Zilikuwa soksi nene za rangi ya kahawia, alizokuwa amezimaliza asubuhi ile ile. Binti alizishika, akazigeuza, akauliza bei gani. Nilitaka kuficha uso, maana nilijua mama mkwe atasema chukua tu, na binti atasema hapana, na somo litasimama. Mama mkwe akataja bei. Na haikuwa bei ya huruma.

Binti akacheka. "Mama, nipunguzie kidogo."

"Kwa sababu gani?"

"Mimi mgeni wenu."

"Umetuambia sasa hivi tusishushe bila sababu. Ugeni ni sababu ya kukupa chai, na chai umekunywa. Uzi huu ni sufu, si ule wa dukani unaotoboka kisigino kabla ya mwezi kuisha. Vaa, ukiona hazifai nirudishie."

Ukumbi mzima ulikuwa umeamka. Binti alitoa hela, akakaa chini kwenye kiti chake, akavua viatu, akavaa soksi mbele yetu, akavaa tena viatu juu yake kwa shida. Kisha akasimama akasema, "Hilo ndilo somo la leo. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya saa nzima."

Siku iliyofuata alimwita mama mkwe wakati wa chai. Mimi nilikuwa jirani nikimlisha mtoto uji.

"Mama, mbona jina lako halimo kati ya washiriki?"

"Mimi nimekuja kushika mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

Mama mkwe akatazama mikono yake. Ilikuwa na sindano na mzula uliofikia nusu, ile kofia ya sufu ya kuvuta mpaka masikioni. Mtoto alikuwa kwangu, na kabla ya hapo alikuwa kwa mama mmoja wa mtaa wa Ramadhani aliyekuwa akimbembeleza tangu asubuhi. Mama mkwe akanitazama mimi kama anayeomba ruhusa, nami nikasema, "Mwandike tu." Nilisema kwa moyo mweupe. Nilidhani ni heshima tu ya kumpa mzee cheti.

Baada ya mafunzo jopo la shirika lilipita majumbani kutazama mazingira na kutuuliza maswali. Kwetu walikuja wakakaa sebuleni, jiko la mkaa katikati. Mimi nilieleza kuku wangu vizuri. Nilionyesha mahali pa banda, nikaeleza chakula, chanjo, na soko la Makambako. Waliitikia kwa vichwa. Kisha wakamgeukia mama mkwe. Yeye hakueleza mengi. Alifungua sanduku lake la mbao, akatoa masweta, soksi, mizula na vitambaa vya kufunikia watoto, akavipanga juu ya kochi mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Wakauliza angeweza kufanya nini akiwa na mashine. Akasema, "Sijui. Sijawahi kuwa nayo. Nileteeni nione."

Majibu yalisomwa ukumbini palepale Mjimwema. Kuku wengi walianguka, na wangu walikuwemo. Mama mkwe akapewa mashine ya kufuma na madonge ya uzi.

Nilipiga makofi pamoja na wengine. Njiani kurudi Yakobi tulitembea, mtoto mgongoni mwake, mimi nimebeba kapu. Nilitangulia hatua mbili ili asinione uso.

"Umekasirika," alisema.

"Sijakasirika, mama."

"Mimi ningekasirika."

Tulipofika, mume wangu, ambaye hufanya kazi kwenye yadi ya mbao, aliuliza habari, na tulipomweleza alianza kucheka. Baba yake akamtazama mara moja tu, naye mwanawe akaacha. Lakini baadaye nikiwa jikoni nilimsikia nje akicheka peke yake, na mwishowe na mimi nikacheka, maana kweli kilikuwa kichekesho. Niliomba ruzuku nikampelekea mama mkwe wangu.

Mashine ililetwa kwa pikapu, ikawekwa chumba cha wageni karibu na dirisha. Ilikuwa ndefu, ina meno madogo madogo mengi kama kitana, na kitu cha kusukuma kwenda na kurudi. Fundi mmoja wa mjini alilipwa na shirika aje kutufundisha. Nasema kutufundisha kwa sababu mama mkwe alikataa kufundishwa peke yake. "Macho yangu hayaoni meno haya madogo," alisema. "Mkwe wangu naye akae." Kwa hiyo nilijifunza kupanga uzi kwenye meno, naye akajifunza kusukuma. Siku za mwanzo tulitoa vitu ambavyo hata sisi hatukujua ni nini. Kimoja kilikuwa na mikono mitatu. Baba mkwe alikivaa kichwani akaenda nacho kukamua ng'ombe.

Mama alipoishika kazi, aliishika kweli. Masweta yalitoka, ya kijani, ya bluu, ya damu ya mzee, ya watoto wa shule na ya watu wazima. Tatizo lilikuwa kuuza. Njombe ni mji wa baridi, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu ana sweta. Mnadani masweta ya mitumba yamerundikwa kama nyasi. Wa kwaya walinunua kwa adabu, mmoja mmoja, na adabu ikaisha. Masweta yakaanza kupanda ukutani chumba cha wageni. Mama mkwe aliendelea kufuma, lakini alikuwa haimbi tena akifuma, na mimi nilijua anawaza siku watu wa shirika watakapokuja kuuliza imekuwaje.

"Nipe mfuko mmoja niende nao Makambako," nilimwambia asubuhi moja.

"Makambako hawana masweta?"

"Wanayo. Lakini hapa tumeshajua jibu. Pale hatujui."

Alinipa mifuko miwili.

Makambako kuna upepo. Njombe baridi yake imetulia, inakukalia. Ya Makambako inakimbia, inabeba vumbi, inaingia kwenye mikono ya nguo. Ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana na yetu ya Njombe na Songea, treni nayo inapita, na watu wake wengi wamekuja kutoka mikoa mingine na biashara zao. Nilizunguka sokoni tangu nilipofika. Wenye maduka walipapasa sweta, wakasifu, wakanirudishia. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba kazi ni nzuri ila yeye ana marobota ambayo hajayafungua.

Mchana nilichoka, nikaenda stendi kusubiri gari la kurudi. Pembeni palikuwa na banda la chai la mwanamke mmoja wa makamo, Mwislamu, mwenyeji wa Kondoa. Mume wake ni dereva wa lori, na walihamia pale kwa sababu lori lilikuwa linapita pale kila wakati, basi akaona heri akae mahali ambapo mume atapita. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile aliniambia tu, "Karibu mdogo wangu, kaa huku, upepo hauingii," akanipa chai ya tangawizi na chapati.

Nikiwa nimeshika kikombe, basi la kutoka Dar es Salaam likaingia. Abiria wakashuka. Kati yao alikuwemo kijana amemshika mkono mama yake mtu mzima. Kijana alivaa shati la mikono mifupi. Mama alikuwa na khanga mbili na kandambili, na alipopigwa na upepo alisimama palepale kama mtu aliyeitwa na polisi. Wakakimbilia bandani.

"Dada," kijana alimuuliza mwenye chai, "ndiyo Ikonda hapa?"

"Bado sana. Hapa Makambako. Mtapanda gari la Njombe, kisha Makete. Mnakwenda hospitali?"

"Ndiyo. Mama anaumwa miguu. Na huko kukoje, ni baridi kama hapa?"

Mwenye chai akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akatazama mifuko yangu. "Hapa mbona ni joto," alisema. "Huko mnakokwenda ndiko kwenye baridi. Muulize huyu dada, nadhani Mungu amemkalisha hapo kwa ajili yenu."

Mimi nimezaliwa si mbali na Ikonda. Tangu utotoni nimewaona wageni wa hospitali wakishuka kwenye magari, watu wa pwani na wa Dodoma na wa kwingine, wamekunja mikono kifuani, wanajifunga mashuka ya hospitali wakienda kununua ndizi. Niliwaona miaka yote hiyo kama mtu anavyoona mvua. Nilifungua mfuko. Yule mama tulimvalisha sweta, soksi na mzula, akauvuta mzula mpaka masikioni, kisha akasema, "Sasa nimekuwa mtu." Kijana alichukua la kwake. Abiria wengine waliona, wakasogea. Mmoja alikuwa anakwenda Songea tu, hana mgonjwa, lakini alinunua pia.

Walipoondoka mwenye chai alinimiminia kikombe kingine.

"Asubuhi ulikuwa wapi na mizigo hii?"

"Sokoni."

"Unawafuata sokoni watu waliokwisha kuvaa. Wasiovaa wanashukia hapa kila siku."

"Naweza kuwa nakaa hapa, dada?"

"Kaa. Lakini tuelewane, mimi napata nini? Nafasi hii nailipia ushuru."

Nilifurahi aliposema hivyo. Nilijua niko na mtu wa biashara. Tulikubaliana fungu lake kwa kila kitakachouzwa, na juu yake akachagua mzula mweusi kwa ajili ya mume wake, maana lori la mume wake kioo kimoja hakipandi.

Nilirudi Yakobi na mifuko mitupu nikiwa nimejaa maneno. Nilimweleza mama mkwe yote. Nikamwambia wanachohitaji wale watu si masweta ya shule. Wanahitaji mizula, soksi ndefu, na sweta la wagonjwa lililo wazi mbele, lenye vifungo vikubwa, mikono mipana, ili mtu aliyelala aweze kuvalishwa bila kuinuliwa.

"Sweta la wazi mbele linapitisha upepo," mama mkwe alisema.

"Lina vifungo, mama."

"Sweta la kweli linavaliwa kichwani."

"Mgonjwa hawezi kuinua mikono."

"Na mizula? Mashine kubwa hivi nifumie mizula?"

Tulibishana siku kadhaa. Mimi nilienda Makambako na masweta yake ya kichwani, nikarudi na nusu. Nikamwambia tena. Akasema mwenye mashine ni yeye. Hapo na mimi nikasema jambo nililokuwa nimelifunga mdomoni tangu siku ile ya majibu.

"Mama, mimi si kibarua wako. Ninasafiri, ninauza, ninajua watu wanataka nini. Kama mimi ni wa kutumwa tu, basi nitumwe shambani, huko nimezoea."

Baba mkwe alikuwa amekaa karibu na jiko anachoma mahindi. Huyu mzee huongea kidogo. Aligeuza hindi, akamuuliza mkewe, "Mashine ni ya nani?"

"Yangu," mama mkwe alisema.

"Na wateja ni wa nani?"

Mama mkwe alichukua sindano zake, akafuma mistari kadhaa kwa mkono, kwa kasi, kama anayemwadhibu mtu. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Vifungo vikubwa kiasi gani?"

"Kama sarafu kubwa."

"Vya mbao?"

"Vya mbao vitakuwa vizuri."

"Mume wako akate. Yadi imejaa vipande." Akaweka sindano chini. "Na tangu leo tunagawana sawa. Usiniletee tena maneno ya kibarua ndani ya nyumba hii. Nilikuambia lini kwamba wewe ni kibarua?"

Nilitaka kusema na uliniambia lini kwamba mimi si kibarua, lakini baba mkwe akanipa hindi na nikalila.

Sweta la kwanza la wazi mbele lilikuwa la kijivu, vifungo vya mbao ya msindano vilivyopigwa msasa na mume wangu mpaka vikang'aa. Nililiuza kabla sijakaa. Wiki iliyofuata nilikwenda na kadhaa yakaisha. Kuna jamaa mmoja kutoka Kilosa, alimnunulia baba yake moja akimpeleka Ikonda, na walipokuwa wanarudi kwao alisimama bandani akanunua mengine. Nilimuuliza huko Kilosa na joto lile atayavaa lini. Akasema baba amekataa kulivua mpaka wamefika Makambako, na ndugu wakiliona kila mmoja atalitaka, hivyo anazuia ugomvi mapema.

Watu wa shirika walikuja kama walivyoahidi, na yule binti wa Morogoro akiwa kiongozi wao. Safari hii alivaa sweta na viatu vya kufunika. Alikuta mama mkwe anaimba. Alikuta pia wanawake wawili tuliosoma nao Mjimwema, mmoja anashona vifungo, mwingine anafuma soksi, maana kazi ilikuwa imetuzidi. Mama mkwe alimweleza kwamba mradi una wenyewe wawili na si mmoja, na kwamba popote walipoandika jina lake waandike na langu.

"Lakini dada," binti aliniambia akicheka, "wewe si uliomba kuku?"

"Niliomba."

"Na ungepewa?"

Nilifikiri. "Ningefuga," nilisema, "na ningemuuzia nani?"

Nilidhani mambo ya kufurahisha yameishia hapo, lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuja baadaye, siku mama mkwe alipoamua kwenda Makambako mwenyewe. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba mji ule una vumbi na watu wasiojulikana, na kwamba yeye na vumbi hawapatani. Lakini Idd ilikuwa imepita siku chache, na mwenye chai alikuwa amenipa biriani na kaimati nipeleke nyumbani. Mama mkwe alikula, akaniuliza huyu mwanamke ana watoto wangapi, akasema chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Akajaza kapu parachichi na mayai ya mmoja wa wale wa kuku waliofaulu, akavaa gauni lake la kanisani, tukaondoka.

Nilikuwa na wasiwasi. Mama mkwe Kiswahili chake kina Kibena kingi ndani, na mwenye chai huongea kwa kasi ya watu wa stendi. Tulipofika walisalimiana, shikamoo hazikuhitajika maana walionekana hawapishani sana kwa umri, wakakaa kwenye benchi moja. Mwenye chai alipokea kapu kwa mikono miwili. Mama mkwe alimshukuru kwa kunipa pa kukaa. Mwenye chai akasema hakunipa, alinikodisha. Mama mkwe akacheka mpaka akafuta macho, akanitazama, kisha akamwambia, "Huyu ni Mkinga. Nilimwambia mwanangu siku ya kwanza kabisa, huyu ni mtu wa biashara."

Nikaendelea kupanga mizula juu ya benchi.

Basi la Dar es Salaam likaingia. Niliwatazama wale wawili nikitegemea mmoja atainuka kunisaidia, lakini walikuwa wameshafika kwenye habari za wakwe. Mwenye chai alikuwa akieleza mkwe wake wa Singida anavyopika wali ukawa uji, na mama mkwe akamwambia asiseme hivyo, mkwe ni kulea, huanza hajui halafu anajua. Abiria walinizunguka. Nilivalisha wazee wawili, mtoto mmoja, na padri aliyekuwa akienda Songea ambaye alisema yeye hasikii baridi huku meno yake yanagongana. Nilihudumia wateja wangu na wa chai pia. Nilimimina, nikapokea, nikarudisha chenji.

Tulipopanda gari la kurudi jioni, mama mkwe alikaa dirishani, kapu tupu mapajani. Mashamba ya viazi na miti ya mbao vikapita. Aliniambia tangawizi ya yule mwanamke ni kali mno, inachoma koo, na kwamba mtu wa umri wake hapaswi kunywa kitu kile vikombe vingi namna ile.

"Basi usiende tena, mama," nilisema.

"Nani amesema siendi? Jumanne ijayo nampelekea uzi. Anataka kujifunza kufuma."